Gari la Jérôme na Rangi ya Katsuva

Jérôme Ukumu hakuwahi kusemwa vibaya na mtu yeyote mjini Bunia, jambo ambalo lingemfanya mtu mwingine ajiulize amekosea wapi. Alikuwa shofere, mtu wa Mahagi, wa familia ya Kikatoliki inayolima mlimani na kuvua ziwani kadiri mambo yanavyokwenda. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti ndogo. Mtu akimkanyaga sokoni, yeye ndiye aliyeomba msamaha. Katika karatasi za serikali aliitwa Ukumu tu, kwa kuwa miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Nyumbani na kanisani aliendelea kuwa Jérôme, na serikali haikuonekana kupata hasara.

Ujana wake aliumalizia Mambasa, msituni, akiendesha lori la magogo la mzungu mmoja mwenye mashine ya mbao. Siku moja ikatangazwa kwamba biashara za wageni sasa ni za wenyeji, na mashine ile ikapewa mwenyeji ambaye mbao alizijua zikiwa tayari ni viti. Jérôme akaendelea kuendesha, mwaka baada ya mwaka, mpaka lori likakosa vipuri, mashine ikakosa mafuta, na mwenye mashine akakosekana yeye mwenyewe. Mshahara wa mwisho haukuwa pesa. Aliambiwa achukue chasi ya lori, naye akaichukua, akashukuru, na kuivuta hadi Bunia nyuma ya gari la mtu mwingine. Huo ulikuwa mwaka wa 1983. Akaiegesha mbele ya nyumba yake, mtaa wa Ngezi, na majirani wote wakaja kutazama chuma.

Mke wake, Godelive, alikuwa akiuza samaki wakavu sokoni. Alitazama chasi kwa muda, kisha akauliza kama inaliwa. Lakini alikuwa mwanamke wa akili, na mume wake alikuwa hajawahi kumwomba kitu. Kidogo kidogo mtaji wa samaki ukaingia katika chuma kile. Walikubaliana hivi: gari likitembea na kupata abiria, watakuwa watu wenye gari, na hawatamwita mtu yeyote bwana. Likishindikana, watarudi Mahagi kulima shamba la Louis, kaka yake Jérôme, ambaye alikuwa amekwisha kutuma habari kwamba nafasi ya kulala ipo na jembe vilevile. Louis alikuwa mtu mwema sana. Alikuwa na tabia ya kuhesabu matonge ya mgeni, basi.

Kwa hiyo gari lilikuja kuwa na wazazi watatu. Chasi ilikuwa ile ya Mambasa. Injini ilitoka katika lori la kahawa lililopinduka mtoni. Kabini ilikuwa ya gari jingine kabisa, ndogo kuliko chasi, na ukilitazama kwa mbele ungesema ni mtu mnene aliyevaa kofia ya mtoto. Lakini lilitembea. Lilipanda mlima wa kwenda uwanja wa ndege na kushuka bila kuacha kitu njiani. Kilichokosekana ni karoseri, yaani mwili wa kukalisha watu, na rangi juu yake. Kufika hapo mtaji wa samaki ulikuwa umebaki harufu tu.

Hapo ndipo anapoingia Katsuva. Katsuva alikuwa seremala, Mnande aliyetoka Butembo na vyombo vyake katika gunia, akafungua kiwanda mtaa huohuo wa Ngezi wakati Jérôme bado yuko Mambasa. Hakuwa mjanja na hakuwa mjinga. Kwake mbao ni mbao: unazipima, unazikata, unazipaka, zinaondoka. Alisikiliza shida ya Jérôme hadi mwisho, akavuta penseli sikioni.

"Papa Claire," alisema, kwa kuwa mtoto wa kwanza wa Jérôme aliitwa Claire, "weye ulete mbao toka Mambasa, yako na yangu. Yangu itakuwa malipo. Kazi nitakufanyia."

"Na rangi?"

"Rangi iko. Niko na pipa nzima. Ile haiishake."

Rangi ya gari ya kweli, ile ya kupuliza kwa pompi, iliuzwa katika duka moja tu, na bei yake ilikuwa ikipanda wakati mnunuzi bado anauliza. Jérôme alikuwa amekwenda mara kadhaa kuyatazama yale makopo, kama watu wanavyokwenda kutazama mtoto wa wengine. Pipa zima, tena bure, lilimfanya akose usingizi kwa furaha. Akaenda Mambasa na gari lake lisilo na mwili, akarudi na mbao.

Katsuva alijenga vizuri. Hakuna aliyewahi kusema kinyume. Chasi ilikuwa pana mbele na nyembamba nyuma, kwa sababu za kifundi ambazo Mambasa walizijua wenyewe, na karoseri ikaifuata: pana mabegani, ikipungua kuelekea miguuni. Paa alilijenga la mgongo kidogo, ili mvua iteremke. Alitoboa madirisha, akaweka mabenchi. Halafu akaleta mishikio ya chuma iliyokuwa kiwandani kwake, mizuri, yenye maua yaliyochongwa, akaipigilia ubavuni, mitatu huku na mitatu huku, ili abiria wapate pa kushika wakipanda. Kisha akapaka. Rangi ilikuwa buluu ya mbingu, laini, isiyo na kelele. Na kwa kuwa kwa Katsuva kitu kisicho na mstari mweupe pembeni hakijamalizika, akalizungushia gari mstari mweupe, mkono haukutetemeka hata mara moja.

Jérôme alisimama mbele ya gari lake. Akamshika Katsuva mkono na kuutikisa muda mrefu.

Sasa, Katsuva alitengeneza vitanda, ndiyo, na milango pia. Lakini tangu afike Bunia kilichompa chakula ni masanduku ya maiti. Nusu ya watu waliozikwa mjini miaka ile walikwenda ndani ya buluu ya mbingu yenye mstari mweupe, wakibebwa kwa mishikio yenye maua, mitatu huku na mitatu huku. Kila mtu Bunia alilia angalau mara moja mbele ya rangi ile. Kila mtu, isipokuwa Jérôme, ambaye alikuwa msituni na hakuwahi kuzika mtu mjini.

Godelive naye hakuwepo. Alikuwa amepanda Mahagi kumsaidia Claire aliyejifungua. Na majirani wa Ngezi, watu wenye adabu, walipita, wakatazama, wakasema, "Kazi iko muzuri," na kweli ilikuwa nzuri. Ni nani angemwambia? Mtu akikuonyesha kitu chake huku macho yanang'aa, unakisifu na kuendelea na safari.

Jumamosi Jérôme alilipeleka sokoni, pale magari ya Fataki na Mahagi yanapopakia. Alipofika, kelele zilipungua. Mwanamume mmoja alivua kofia. Wengine wakafanya ishara ya msalaba, na waliokuwa wakigombania bei ya mbuzi wakasogea pembeni ili gari lipite. Jérôme akaona heshima. Alikuwa ameendesha malori ya watu wengine miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kumvulia kofia.

Mama mmoja mwenye vikapu akakaribia.

"Papa, munaenda wapi?"

"Fataki mpaka Mahagi, mama. Ingia tu, nafasi iko."

Mama alitazama madirishani, akatazama mabenchi matupu. "Pole, papa," alisema kwa upole, akabeba vikapu vyake na kwenda kupanda lori la jirani, ambamo watu walikuwa wamekaa juu ya mbuzi na mbuzi juu ya watu.

Wa pili naye alisema pole. Wa tatu aliuliza maziko ni saa ngapi, na Jérôme akadhani amekosea gari. Saa sita mchana aliondoka na gari tupu, kwa matumaini ya kupata abiria njiani. Njiani waendao kwa miguu waliweka mizigo chini na kusimama wima mpaka apite. Pale Iga Barrière, mahali ambapo hakuna gari lililowahi kupita bila kuacha chochote, polisi aliinua mwenyewe mti unaozuia barabara, akapiga saluti.

"Upite, sitwayen," alisema, yaani raia, kama serikali ilivyotaka watu waitane. "Siye wote tuko mu ile njia."

Jérôme alirudi jioni bila abiria hata mmoja, akaenda kumweleza Katsuva kwamba biashara bado haijachanganya, lakini polisi wanaliheshimu sana gari. Katsuva akasema hilo ni jambo kubwa.

Hivyo zikapita Jumamosi nyingine. Halafu Godelive akarudi toka Mahagi, juu ya lori la maharagwe, na kikapu cha samaki cha kuanzia upya. Akaingia uani, akasimama.

"Umeona?" Jérôme aliuliza. Alikuwa amelifuta vumbi asubuhi hiyo kwa ajili yake.

"Nimeona."

"Iko aje?"

Godelive aliweka kikapu chini polepole. "Nani alikupa hii rangi?"

"Katsuva. Bure."

"Bure. Na ile mishikio?"

"Katsuva vilevile. Angalia maua yake."

"Maua nayajua," Godelive alisema. "Nilishika ule mushikio wa katikati siku tulizika mama Berthe, jirani yetu, weye ukiwa Mambasa. Papa Claire, weye unajua Katsuva anatengenezaka nini?"

"Vitanda."

"Vitanda vya nani?"

Jérôme akakaa juu ya jiwe. Godelive alikuwa amekuja na habari nyingi za wajukuu, lakini hazikuwa tena na pa kuingilia. Akaingia jikoni, na ikasikika sauti ya masufuria yakipangwa na mtu ambaye hana cha kupika.

Jérôme akaenda kiwandani kwa Katsuva. Hakuwahi kupita nyuma ya pazia la gunia lililokigawa kiwanda; sasa alipita. Yalikuwepo masanduku matatu, yameegemea ukuta, mabega mapana na miguu myembamba, buluu ya mbingu, mstari mweupe. La mwisho lilikuwa bado linanuka rangi.

"Katsuva," alisema.

"Ndiyo, papa."

"Gari yangu iko sawa na hizi."

Katsuva alitazama masanduku, akawaza kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa jambo la kiwanda. "Hapana," alisema. "Yako iko na madirisha."

Haikuwezekana kumkasirikia. Jérôme alijaribu, njia nzima ya kurudi nyumbani, na kila alipofika mahali pa kukasirika alimkuta Katsuva akichora mstari mweupe kwa uangalifu, ulimi umetoka nje kidogo.

Kulikwangua gari lilikuwa jambo la kwanza kufikiriwa. Lakini mbao za Mambasa zilikuwa changa na zilikuwa zimeinywa rangi kama pombe; ungekwangua mpaka utokee upande wa pili. Kulipaka mafuta machafu ya injini, ili liwe jeusi, kulifanyika. Likawa buluu ya usiku, na abiria wa pekee aliyepatikana wiki hiyo, mwalimu wa katekisimu asiyeona vizuri, alishuka Lopa na shati ambalo hakuna sabuni iliyoliweza tena. Mvua ya kwanza ikaosha mafuta yote. Buluu ikatoka chini yake, safi, kama iliyobatizwa.

Ndipo watu wakamshauri aandike jina. Gari lenye jina, walisema, ni gari. Nani amewahi kuona sanduku la maiti lenye maneno ya kuchekesha? Akamwita Vital, mwandishi wa vibao, aliyeandika majina ya magari yote ya Bunia na hakuwahi kukosa neno. Vital alifika na brashi zake, akalizunguka gari, akakuna kichwa.

"Kwa kawaida naandikaka *Safari Njema*," alisema.

Wakatazamana.

"Hapana," akasema Jérôme.

"*Mungu Ndiye Dereva*?"

"Vital."

"Ngoja. *Polepole Tutafika*. Hiyo watu wanaipenda sana." Aliirudia mara mbili kwa sauti ya chini, kisha akaiacha yeye mwenyewe. Walijaribu *Kila Mutu na Siku Yake*, ambalo lilikuwa limeandikwa mbele ya lori la viazi na kuliletea baraka tupu. Walijaribu *Usilie*. Mwishowe Vital akafunga brashi zake katika kitambaa, akasema yeye ni mtu wa maneno, na kwa mara ya kwanza maneno yamemwogopa. Hakutaka kulipwa. Hilo ndilo lililomwumiza Jérôme kuliko yote, kwa sababu Vital hakuwa mtu wa kukataa kulipwa.

Likabaki kopo la rangi nyekundu. Godelive alilipata kwa mwanamke wa Mahagi aliyekuwa akivuka mpaka na vitenge, akatoa kwa ajili yake samaki wote wa kikapu kile kipya. Hakuna aliyemwomba. Aliliweka mezani na kusema, "Hii njo ya mwisho." Kopo lilikuwa dogo, gari kubwa. Jérôme na Katsuva wakashauriana, wakaona dawa ni kuichanganya na buluu ili itoshe. Walianza na mlango wa nyuma.

Ilitoka zambarau. Haikuwa zambarau yoyote tu; ilikuwa ileile ya vazi ambalo padri analivaa akisimama mbele ya kaburi. Wakasimama wawili wakiitazama ikikauka. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya maji alipiga goti, mazoea tu, akainuka na kuendelea.

"Tuendelee?" aliuliza Katsuva, brashi mkononi.

"Basi," alisema Jérôme. "Tuachie hapo."

Mvua za kupandia zikaanza. Louis akatuma habari toka Mahagi kwamba mahindi hayangoji mtu, na kwamba gari wanaweza kulileta pia, litafaa kuwa banda la kuku. Godelive alisikiliza ujumbe ule hadi mwisho, akamshukuru aliyeuleta, akaanza kufunga vyombo. Alifunga polepole, sahani moja kwa siku, kama mtu anayempa Mungu nafasi ya kubadili mawazo.

Asubuhi moja yenye ukungu akaja Honoré, mwalimu wa shule ya msingi pale Ngezi, mtu wa Fataki kwa asili. Alikuwa amevaa koti, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Karibu, mwalimu," alisema Jérôme.

"Papa Claire, nakuja kuomba gari yako."

Jérôme akamvutia kiti haraka. "Ya kwenda wapi?"

"Fataki. Siye familia yote. Tutajaza."

"Mabenchi yatawatosha. Muko na wazee?"

"Iko baba."

"Muzee atakaa mbele na miye," Jérôme alisema haraka, "ile kiti ya mbele haitikisike sana. Nitaweka na blanketi."

Honoré alitazama viatu vyake. "Baba iko hospitali, papa. Alitutoka jana jioni."

Jikoni sauti ya vyombo ilinyamaza. Jérôme alibaki ameshika mgongo wa kiti.

"Pole, mwalimu," alisema. "Pole sana. Lakini hii gari... hii gari ni ya watu wenye kupumua. Niliijenga kwa ile kazi."

"Najua. Miye niliambia ndugu zangu vile. Tukaenda kwanza kwa wengine." Honoré alisema kwa taratibu, kama anayemweleza mwanafunzi hesabu ngumu bila kumwaibisha. "Kila mutu alisema: munatafuta nini kwetu, na gari ya Jérôme iko?"

Hivyo Jérôme akapata habari kwamba mji ulikuwa umekwisha kuamua. Hakuna kikao kilichofanyika. Watu walikuwa wameangalia gari, wakaona ni la nini, wakangoja kwa adabu mwenye gari naye aone.

Kukataa hakukuwa kitu alichokijua. Na hata watu hodari wa kukataa, wale wanaomkatalia mtoto maji, hawamkatalii maiti njia ya kwao. Aliingia ndani kuchukua ufunguo. Godelive alikuwa amesimama na sahani mkononi.

"Nikienda leo," Jérôme alimwambia, "sitapata tena mutu mwengine."

"Sasa uko na nani?" aliuliza Godelive, si kwa ubaya. Kisha akamkunjia kola ya shati.

Sanduku lilitoka kwa Katsuva, bila shaka. Walipolisukuma ndani, kati ya mabenchi, mstari mweupe wa sanduku ulikutana na mstari mweupe wa gari, buluu ikaingia katika buluu, na aliyesimama mlangoni hakuweza kusema moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Ndugu wa marehemu walinong'onezana kwamba hayo ni maandalizi ya watu wakubwa. Katsuva, aliyekuja kusaidia kunyanyua, alilitazama jambo lile kwa utulivu wa fundi ambaye hesabu yake imetoka sawa.

Gari lilijaa. Watu walikaa kwenye mabenchi, sakafuni, wakabanana mlangoni wakishika mishikio yenye maua, na mishikio haikulegea. Waliimba kuanzia hospitali. Malori yalikaa pembeni kuwapisha. Iga Barrière mti ulikuwa umeinuliwa kabla hawajafika. Injini ya lori la kahawa ilivuta milima yote bila kukohoa, karoseri haikulia hata ubao mmoja, na Jérôme, katikati ya kilio cha watu, alijikuta akisikiliza jinsi gari lake linavyokwenda vizuri likiwa na uzito. Akaona aibu. Kilometa moja mbele akajikuta akisikiliza tena.

Fataki walizika saa tisa. Walimpa Jérôme chakula mahali pa heshima, wanapokaa wakwe, wakamletea maji ya kunawa kabla ya wengine. Honoré alimlipa walichokubaliana na hakupunguza. Wanaume wawili wakaja mmoja mmoja kumwuliza anakaa wapi Ngezi, nyumba ya namna gani, mlango unatazama wapi. Waliuliza kwa sauti ya watu wenye mgonjwa nyumbani. Jérôme aliwaelekeza. Angefanya nini?

Alipokwenda garini kujiandaa kurudi, alimkuta mwanamke mzee analizunguka. Alikuwa Emerance, dada wa marehemu, mwembamba sana, kitenge amekifunga mara mbili kiunoni na bado kinataka kushuka. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya mbao, polepole, kutoka bega la gari hadi mwisho. Tangu lipakwe rangi, hakuna aliyekuwa ameligusa kwa kupenda.

"Ni weye mwenye hii?" aliuliza.

"Ni miye, mama."

"Iko muzuri."

Emerance alishika mshikio mmoja, akauvuta kwa nguvu zake zote, ambazo hazikuwa nyingi.

"Imeshika," alisema.

"Imeshika, mama. Tulipiga misumari toka ndani."

"Na mvua?"

"Haingii. Paa iko na mugongo, angalia."

Akamweleza yote. Alimwonyesha chasi ya Mambasa, akamfungulia boneti aione injini, akamweleza kabini iliyotoka kwingine na jinsi walivyoikubalisha. Hakuwa amewahi kupata mtu wa kumweleza. Emerance alisikiliza kila kitu, akauliza pale alipotaka kuuliza, akakohoa mara kadhaa mkono ukiwa kinywani, akaomba radhi, akaendelea kusikiliza.

"Mama anataka kwenda Bunia?" Jérôme aliuliza mwishowe. Alisema haraka, kabla ujasiri haujamtoka. "Narudi sasa hivi, gari tupu. Kaa mbele. Nakupeleka bure."

"Hapana, mutoto wangu. Kwenda nitaenda juma lijalo, na binti yangu Valérie. Munganga wa hospitali anataka kuniona." Alitazama barabara ya Bunia, halafu akarudisha kiganja juu ya mbao. "Kwenda nitaenda na lori ya viazi, pamoja na watu. Ni juu ya kurudi njo nilikuwa nauliza."

Upepo ulipita, ukakipeperusha kitenge chake, naye akakishika.

"Kwenye mashimo unafanyaka polepole?" aliuliza.

"Nafanyaka, mama."

"Maana miye sipendi kutikiswa."

"Nitapita upande wa Lopa wa chini," alisema Jérôme. "Pale njia iko laini."

Emerance akakubali kwa kichwa. Akamwomba amfungulie nyuma, aone ndani. Jérôme akavuta ule mlango wa zambarau, akampa mkono, akampandisha.